Msituchagulie kompyuta kabla hamjatuuliza tunaifanyia nini

Ndugu Mhariri,

Salamu kwako na kwa wote mnaolitengeneza gazeti. Naomba nafasi kwenye safu ya barua, na kama ni ndefu mno kata unapoona panafaa ila usiguse pale kwenye faili la mishahara maana barua yote imesimama pale.

Juzi juzi ukurasa wenu wa teknolojia ulikuwa na makala ya kutushauri kuhusu mifumo endeshi ya kompyuta, ile programu kuu inayoendesha mashine yote, na ukiifupisha inasema hivi: Windows ni ya kazini, Mac ni ya wenye uwezo, Linux ni ya wataalamu, na mwenye kompyuta ya zamani ajipange anunue nyingine kwa sababu Windows 10 imekufa. Nimeisoma mara mbili. Mwandishi anajua kuandika, sina ugomvi naye, ila ushauri wake umevaliwa kinyumenyume. Anamwambia mtu achague mfumo kwanza halafu kazi zake zitajua zenyewe pa kukaa, wakati kwa ninavyoona mi unaanza na kazi, tena kazi moja tu, ile ambayo ikigoma siku hiyo hulali, na ukishaijua hiyo mfumo unakuja wenyewe bila kubishana na mtu.

Nijitambulishe kidogo. Mi si fundi, ni mhasibu, nakaa mbele ya skrini kutwa nzima na jioni nakaa tena mbele ya nyingine. Nyumbani tuna kompyuta tatu na kila moja ina mfumo wake, Windows, Linux na macOS ambao ndo wa Mac, na hakuna aliyekaa akapanga iwe hivyo, kila moja iliingia na sababu yake.

Sasa hilo faili. Kazini tuna faili moja la Excel la mishahara. Aliyelitengeneza alishaacha kazi zamani, simu hapokei, na humo ndani kaandika makro za VBA, yaani amri za Excel zinazofanya kazi zenyewe, kama mtu anayejiandikia mwenyewe, hakuna maelezo wala mpangilio, ila ukibonyeza kitufe kimoja linavuta majina, linakata makato, linapiga jumla, linatoa hati ya kila mfanyakazi na kuzipanga kwenye folda ya mwezi. Idara nzima tunaliogopa, hakuna anayethubutu kuligusa ndani. Siku moja nikasema ngoja nilifungue nyumbani kwenye LibreOffice, ile programu ya bure inayosoma mafaili ya Excel. Likafunguka vizuri tu, rangi zipo, fomula zipo, jumla zilezile mpaka tarakimu ya mwisho. Nikabonyeza kitufe. Kosa. Nikabonyeza tena kama vile kitufe kitaona haya. Kosa lilelile. LibreOffice inajitahidi kusoma VBA na makro nyepesi nyepesi inaziendesha, lakini hili letu lilikuwa linaita vitu vilivyomo ndani ya Windows yenyewe, sasa ukiwa nje ya Windows ni sawa na kupiga hodi kwenye nyumba isiyo na mtu. Mwenzangu wa idarani ana Mac yenye Excel halali ya kulipia, naye akajaribu, ikagoma, kwa sababu vile vitufe vilitengenezwa kwa ActiveX, teknolojia ya Windows, na ActiveX kwenye Mac haifanyi kazi. Tukajaribu Excel ya kwenye brauza, hiyo ndo kabisa, VBA haiendeshi hata mstari mmoja.

Kwa hiyo mfumo wa kazini kwetu umechaguliwa na mtu ambaye hata kazi alishaacha. Unaweza kucheka lakini ndo ukweli, na nina hakika ofisi nyingi zina faili lao la namna hiyo, kama si faili basi ni programu ya uhasibu iliyotengenezwa kwa Windows peke yake, au mashine fulani ambayo draiva yake, ile programu ya kuiunganisha na kompyuta, haipo kwingine, au mchoraji wa majengo anayeishi ndani ya AutoCAD, ambayo ipo kwa Windows na kwa Mac ila kwa Linux haipo. Mtu wa hivyo ukimletea hadithi ya Linux ni salama na ni ya bure unampotezea muda, hata kama unachosema ni kweli. Na mwingine kazi yake yote iko ndani ya brauza, barua pepe, fomu, mikutano ya video, huyo hata umwekee mfumo gani hatojua tofauti zaidi ya vitufe vya kufunga dirisha kuhama upande.

Ndo maana nasema mwandishi wenu angeanza na hilo swali kabla ya kutaja jina la kampuni yoyote.

Nyumbani ni habari nyingine. Laptopu yetu ya zamani ina prosesa ya Intel ya kizazi cha sita, ilikuja na Windows 10 na ikatutumikia miaka. Windows 11 ilipotoka Oktoba 2021 ikaja na masharti yake: chipu ya usalama ya TPM toleo la 2.0, Secure Boot ambayo ni ulinzi wa wakati wa kuwasha, ramu isiyopungua GB 4, nafasi GB 64, na kwa upande wa Intel prosesa kwa ujumla iwe kizazi cha nane kwenda mbele. Yetu ikaangukia kwenye prosesa. Sio kwamba ni dhaifu, inafungua kila kitu tunachotaka, ni mstari tu umechorwa na sisi tuko upande wa pili wa mstari.

Halafu ikafika tarehe 14 Oktoba 2025, na hapa ndo ile makala imetisha watu bila sababu na wakati huohuo imewapa wengine usingizi. Windows 10 haijafa. Kompyuta yenye Windows 10 asubuhi ya tarehe 15 iliwaka kama kawaida, programu zikafunguka kama kawaida. Kilichoisha ni apdeti za usalama za bure, yaani vile viraka vya kila mwezi vya kuziba matundu yanayogunduliwa. Microsoft wakaweka mpango wa kujiandikisha kwa watumiaji wa nyumbani upate viraka mpaka Oktoba 2026, kwa hiyo mtu ambaye hana haraka alipewa pumzi ya mwaka mzima na makala haikusema hata neno moja juu ya hilo. Ukimwambia mtu imekufa anafanya moja kati ya mawili, ama anakimbia kununua kompyuta ambayo haikuwa kwenye mipango yake, ama anaiwasha anaona inawaka anasema hawa waongo na anaendelea nayo miaka mitano bila kiraka hata kimoja.

Huyu wa pili ndo ananipa wasiwasi zaidi. Mwaka 2017 kile kirusi cha WannaCry kilipozunguka dunia kikafunga mafaili ya watu na kudai malipo, kikaingia mpaka kwenye hospitali za Uingereza wagonjwa wakarudishwa, Microsoft walikuwa wameshatoa kiraka cha lile tundu tangu Machi na shambulio likaja Mei, tarehe 12. Miezi miwili. Wengi walioumia kiraka kilikuwepo, hawakukiweka tu. Sasa fikiria yule ambaye kiraka hakiji kabisa.

Turudi kwenye laptopu. Mpwa wangu, kijana wa chuo, ndo aliyesema anko tuiwekee Linux Mint. Mi nikakataa kata kata, nikijua nitaambiwa niandike amri kwenye skrini nyeusi. Akaniambia hatuinstoli, tunaonja. Na hii kitu watu wengi hawaijui na ingefaa iandikwe kwa herufi kubwa: mifumo mingi ya Linux unaichoma kwenye fleshi, unawasha kompyuta kwa ile fleshi, mfumo wote unafunguka kutoka humohumo bila kugusa diski yako, unajaribu Wi-Fi, unajaribu spika, kamera, printa, unachomoa fleshi, unawasha tena unakuta Windows yako iko palepale. Windows huwezi kuionja hivi kirahisi, na Mac ndo usiseme. Tukakaa nayo hivyo jioni mbili. Wi-Fi ilikamata, sauti ilikamata, printa iliingia yenyewe hata kabla sijauliza draiva iko wapi. Kilichogoma ni kile kidude cha kusoma alama ya kidole, na mpaka leo kimegoma, tunaandika nywila kama watu wa kale.

Tukakubaliana kuiweka moja kwa moja. Ila kabla ya hapo mpwa akatoa ile diski ya zamani ya kuzunguka akaweka SSD, ile diski isiyo na kitu kinachozunguka ndani, na hapa niseme ukweli ambao wapenzi wa Linux hawapendi kuusema. Kompyuta ilivyokuwa nyepesi baada ya pale nilikuwa nasimulia kila mtu jamani Linux Linux, mpaka baadaye nikabadilisha diski ya namna hiyohiyo kwenye kompyuta nyingine yenye Windows nayo ikaruka vilevile. Sehemu kubwa ya ule wepesi ilikuwa SSD. Linux Mint ni nyepesi kwenye ramu kweli, hilo silikatai, lakini kama kompyuta yako inakoroma na bado ina diski ya kuzunguka, badilisha diski kwanza halafu ndo uanze kugombana na mfumo.

Kwa wasioelewa haya majina mengi mengi, Linux yenyewe ni kiini tu, kilianzishwa 1991 na Linus Torvalds akiwa mwanafunzi huko Helsinki, na watu wakakichukua wakakivisha nguo tofauti tofauti, ndo unasikia Debian, Fedora, Ubuntu, Mint. Mint imejengwa juu ya Ubuntu. Na Ubuntu, nilifurahi nilipojua, ni neno la Kibantu lenye maana ileile ya utu wetu huu, aliyeanzisha mradi 2004 ni Mark Shuttleworth mzaliwa wa Afrika Kusini. Kwa hiyo tusiambiwe hii ni ya watu wa mbali.

Lakini pia nisiwe kama wale wanaokuambia Linux ni rahisi kwa sababu simu yako ya Android inatumia kiini cha Linux na kompyuta kubwa 500 zenye nguvu kuliko zote duniani zote zinatumia Linux tangu 2017. Ni kweli zote mbili. Ila mi sina kompyuta kubwa ya utafiti wa hali ya hewa, nina printa na ripoti ya kesho, na hoja ya namna hiyo haikusaidii kitu saa nne usiku ripoti ikigoma.

Na iligoma. Niliandika ripoti nyumbani kwenye LibreOffice, nimeipanga vizuri, majedwali yamekaa, nikaituma kwa bosi kwa muundo wa Word. Asubuhi ananiita, hii ni nini. Jedwali limevunjika nusu iko ukurasa wa pili, kichwa cha habari kimebaki peke yake chini ya ukurasa kama mtu aliyeachwa na basi. Kumbe kisa ni fonti. Kiolezo chetu cha kazini kimeandikwa kwa Calibri, fonti ya Microsoft ambayo huwezi kuikuta kwenye Linux hivihivi, na mimi kwa ubishi nilikuwa nimebadilisha nikaweka fonti nyingine niliyoiona nzuri, upana wa herufi tofauti kabisa. Mpwa akaniwekea fonti inaitwa Carlito ambayo herufi zake zina vipimo vilevile vya Calibri, mistari ikakaa sawa tangu siku hiyo. Na nikajifunza kitu kingine, kama mtu anatakiwa kusoma tu na si kuhariri mtumie PDF, haijalishi unatumia mfumo gani. Kama mnahariri wote wawili faili moja kwenda na kurudi kila siku, basi tumieni programu moja, na kama mwenzio ni bosi na ana Word, we ndo utahama.

Hili la kubadilishana mafaili kati ya nyumbani na kazini ndo kwa kweli linaamua mambo kuliko uzuri wa mfumo, na ndo maana laptopu ya Linux kwetu imekuwa ya familia, mama watoto anasomea, watoto wanafanyia kazi za shule, mi naandikia barua kama hii, na mambo ya mshahara hayaingii humo. Mtoto mkubwa alilalamika kidogo kuhusu magemu. Siku hizi magemu mengi ya Windows yanakubali kwenye Linux kupitia kitu kinaitwa Proton kilichotolewa na kampuni ya magemu ya Valve 2018, ila yale ya kushindana mtandaoni yenye ulinzi wa kuzuia udanganyifu mengi yanakukatalia mlangoni. Akanung'unika wiki moja akazoea.

Sasa hapa niungame kosa langu, maana nilitaka kuwa mjanja. Kwenye laptopu ya tatu, hii yangu ya kazi yenye Windows 11, nikasema kwa nini nisiweke mifumo yote miwili, unawasha unachagua. Inawezekana na watu wengi wanafanya. Nikaingia kwenye biosi, yale mipangilio ya ndani ya kompyuta kabla mfumo haujawaka, nikageuza geuza mipangilio bila kusoma, nikawasha, skrini ya bluu ikaniuliza ufunguo wa BitLocker, kufuli la diski la Windows, wenye tarakimu 48. Arobaini na nane! Diski ilikuwa imefungwa kwa usimbaji tangu siku ya kwanza na mimi sikuwa na habari, kompyuta nyingi za Windows 11 zinakuja hivyo. Nilikaa pale nimeshika kichwa kama nusu saa hivi na ilikuwa siku mbili kabla ya mwisho wa mwezi. Kilichoniokoa ni kwamba niliiwasha mara ya kwanza kwa akaunti ya Microsoft na ufunguo ulikuwa umehifadhiwa kwenye akaunti, nikauchukua kwa simu nikaandika tarakimu moja moja. Kwa hiyo nawaomba, kabla hujagusa kitu chochote kwenye biosi, kabla hujakata diski vipande, utafute huo ufunguo uuandike pembeni na ufanye bakapu. Na ukiweka mifumo miwili zima ile Fast Startup ya Windows, maana Windows ikiwa imelala nusu nusu Linux haitaweza kuandika kwenye upande wake wa diski bila tabu. Mi niliishia kuacha. Kompyuta inayotengeneza mishahara ya watu haifanyiwi majaribio, na sikuhitaji kufundishwa mara mbili.

Mac. Hii ni ya mama watoto, na makala yenu ilisema ni ya wenye uwezo ikaishia hapo, wakati bei yenyewe haiamui mambo peke yake. Yeye anahariri video, na programu anayoitumia ni Final Cut Pro, ambayo Windows haipo na Linux haipo. Faili lake la mishahara ndo hilo. Angekuwa anatumia DaVinci Resolve angekuwa huru, inakubali kote kutatu. Tangu Apple waanze kutengeneza chipu zao wenyewe, M1 ikatoka Novemba 2020, zile laptopu zinakaa na chaji siku nzima na hazipigi kelele, hilo sina ubishi nalo, nikikaa pembeni yake na yangu inavuma feni naona aibu. Ila ramu unayonunua nayo ndo hiyohiyo mpaka mwisho, huwezi kuongeza baadaye, kwa hiyo ukikosea siku ya kununua umekosea kwa miaka yote utakayokaa nayo. Na wale wanaotafuta Mac ya mtumba wawe macho, zile za zamani zenye chipu ya Intel ziko ukingoni, macOS Tahoe iliyotoka 2025 Apple wameshasema ndo ya mwisho kuzikubali, na hata hiyo inakubali chache tu. Kuna watu sasa hivi wananunua Mac ya Intel wakidhani wamepata dili.

Kero yetu kubwa na Mac ilikuwa ndogo sana ukiisikia. Tuna diski ya nje ya kuwekea picha za familia, iko kwenye muundo wa NTFS wa Windows. Mac inaisoma, picha unaziona zote, ukitaka kuongeza moja inakukatalia, maana yenyewe kama ilivyo haiandiki NTFS. Tumegombana kwa hili, yeye anasema nimeifunga makusudi, mi nasema sijaigusa. Dawa ilikuwa kuhamisha kila kitu pembeni na kuipanga upya kwa muundo wa exFAT ambao Windows, Mac na Linux zote zinaisoma na kuiandika. Ukiwa na nyumba yenye mifumo mchanganyiko anza na hilo, utaokoa ndoa.

Chromebook, zile laptopu zenye mfumo wa Google, sitaisemea sana, kwa mtu ambaye maisha yake yako kwenye brauza inamtosha, ila aangalie tarehe ya mwisho ya apdeti kabla ya kuchukua, Google walisema 2023 kwamba zile za kuanzia 2021 zitapata miaka kumi, za nyuma ya hapo huwezi kujua mpaka uangalie toleo lenyewe.

Kitu ambacho makala haikugusa kabisa na mi nimeshangaa ni Windows za kukreki. Watu wengi wakisema natumia Windows kwa sababu nimeizoea wanasahau kusema haikulipiwa, na ile programu ya kuiamsha waliyodaunlodi iliwaambia kwanza wazime antivairasi. Yaani mtu anakuambia zima taa, fungua mlango, kaa kimya, na we unatii. Mtu wa namna hiyo akiniuliza Linux au Windows, Linux kwake si suala la utaalamu, ni kwamba anaweza kuwa na kompyuta ambayo ni yake bila kumwibia mtu na bila kufungua mlango kwa asiyemjua. Kwa ofisi ni zaidi, unakuta ofisi nzima imewekewa Windows Home, toleo la nyumbani, halafu wanashangaa hawawezi kuziunga kompyuta kwenye domeni, yaani mtandao wa ofisi unaosimamiwa mahali pamoja, wala kuingia kutoka mbali kwa Remote Desktop, wakati hayo yako kwenye toleo la Pro.

Na wale ambao tayari wanaandaa majibu ya kunipinga, wa pande zote mbili, nawajua. Wa Linux watanikumbusha tarehe 19 Julai 2024, apdeti mbovu ya programu ya usalama ya CrowdStrike iliangusha kompyuta za Windows karibu milioni 8.5 viwanja vya ndege vikasimama. Ni kweli. Lakini mwaka huohuo mwezi Machi ilikutwa mlango wa siri umepandikizwa kwenye xz, kifurushi kidogo kinachotumika kwenye Linux nyingi, kilikuwa karibu kabisa kuingia kwenye seva za dunia nzima, na aliyekigundua, Andres Freund, alishtuka kwa sababu kuingia kwenye mashine kulikuwa kunachelewa kama nusu sekunde. Na ni mfanyakazi wa Microsoft! Kwa hiyo hakuna mfumo wa kujivunia kwamba wenyewe hauguswi.

Wa Windows nao watanitajia Munich. Ule mji wa Ujerumani uliamua 2003 kuhamia Linux, wakafikisha kompyuta kama elfu 15 kufika 2013, halafu 2017 baraza likapiga kura kurudi Windows. Watu wanabishana mpaka leo kama ilikuwa siasa au ufundi. Halafu jimbo moja la hukohuko Ujerumani, Schleswig-Holstein, lilitangaza 2024 kuwahamisha wafanyakazi wake kama elfu 30. Ila angalia walivyoanza: LibreOffice mbele, Linux ikifuata nyuma yake. Wameanza na mafaili, mfumo baadaye. Hawa mi naona wamenielewa kabla sijaandika.

Ombi langu kwako Mhariri ni dogo tu. Mkirudi kwenye mada hii, msitupe jedwali la nyota tano kwa huyu nyota nne kwa yule. Mtafuteni karani, mwalimu, mpiga picha, mchoraji, muulizeni kila mmoja ni kitu gani kwenye kompyuta yake hawezi kukaa bila hicho wiki moja, halafu muulizeni ikiharibika anampigia nani simu, maana mi Linux yangu isingekaa hata mwezi kama mpwa angekuwa mbali. Majibu yao yachapeni kama yalivyo, sisi wasomaji tutajiona humo wenyewe.

Naishia hapa, leo ni tarehe 26, ile faili inanisubiri. Bosi kasema mwaka huu tutatafuta mtu wa kuliandika upya. Alisema hivyo na mwaka jana.

Msomaji wenu wa siku nyingi,
Mhasibu